Mfupa, Mshale na Karani: Watuva Walivyopata Majina Yao ya Ukoo

Kuanzia mwaka 2012 hadi 2024 Waziri wa Ulinzi wa Urusi alikuwa Sergei Shoigu. Vita vya Ukraine vilipopamba moto, jina lake lilisikika kwenye redio zetu asubuhi na jioni. Kwa ukamilifu anaitwa Sergei Kuzhugetovich Shoigu. Anayefahamu utaratibu wa majina ya Kirusi ataligawa hivi: Sergei ni jina lake mwenyewe, Kuzhugetovich maana yake mwana wa Kuzhuget, na Shoigu ni jina la ukoo.

Kwenye karatasi amepatia. Nyumbani kwa akina Shoigu, ambao kwa upande wa baba ni Watuva, watu wa kusini mwa Siberia, mambo ni kinyume. Kuzhuget ndilo jina la ukoo. Shoigu ni jina alilopewa baba yake alipozaliwa, kama Juma au Baraka. Mzee huyo alipoandikishwa pasipoti, karani aliyapindua majina mawili: la ukoo akalitia mahali pa jina la mtu, na la mtu akalitia mahali pa ukoo. Watoto wakarithi yalivyoandikwa. Kwa hiyo waziri aliyeongoza jeshi la Urusi kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiitwa, kila alipotajwa kwa heshima, mwana wa ukoo mzima.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaeleza kwa nini majina ya Watuva huwatatiza watu wanaoyakuta vitabuni. Unalitazama jina, unaliona la kale, unadhani umeshika uzi unaokufikisha kwa babu mmoja aliyeishi porini zamani za kale. Ukiuvuta, uzi huo unapita kwenye ofisi ya karani wa Kisovieti, unapita kwenye daftari la kodi la dola ya Kichina, unapita katikati ya dola za farasi zilizoanguka miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Babu mmoja humkuti.

Tuva ni jamhuri ndani ya Shirikisho la Urusi, kusini mwa Siberia, ikipakana na Mongolia. Ina wakazi wapatao 330,000, walio wengi wakiwa Watuva wenyewe. Mji mkuu wake ni Kyzyl, mahali ambapo mito ya Biy-Khem na Kaa-Khem hukutana na kuzaa mto Yenisei, ambao Watuva huuita Ulug-Khem, yaani Mto Mkuu. Lugha yao ni ya jamaa ya lugha za Kituruki. Wanafuata dini ya Buddha ya mkondo wa Kitibeti, na pembeni yake wamehifadhi ushamani wa mababu, yaani imani ya waganga wanaosema na mizimu. Walio wengi kwa asili ni wafugaji wa kuhamahama: kondoo, mbuzi, farasi, ng'ombe, ngamia upande wa kusini, na kulungu wa baridi huko Todzha kaskazini mashariki.

Dunia imewajua zaidi kwa uimbaji wao, khöömei, ambao mwimbaji mmoja hutoa sauti mbili au tatu kwa wakati mmoja kutoka kooni. Kundi lao mashuhuri, Huun-Huur-Tu, lilianzishwa mwaka 1992. Waimbaji wake wamekuwa pamoja na Kaigal-ool Khovalyg, Radik Tyulyush na Alexei Saryglar. Khovalyg ni ukoo. Tyulyush ni ukoo. Saryglar ni ukoo. Mwimbaji aliyekipeleka khöömei Marekani na kukifanya kipendwe huko, Kongar-ool Ondar (1962–2013), alikuwa wa ukoo wa Ondar. Kiswahili kimeweka vitu hivi viwili katika neno moja, koo la kuimbia na koo za kuzaliwa, na kwa Watuva mara nyingi vimepanda jukwaani pamoja.

Majina haya si mengi. Mongush, Ondar, Oorzhak, Kuular, Khovalyg, Saryglar, Dongak, Sat, Kuzhuget, Khertek, Irgit, Soyan, Kyrgys, Oyun, Salchak, Tülüsh, Choodu na mengine machache: ukishayajua hayo, umeyajua majina ya sehemu kubwa sana ya watu wa Tuva. Mongush ndilo linaloongoza kwa wingi. Magharibi, kwenye bonde la mto Khemchik, utawakuta akina Mongush, Oorzhak, Kuular, Ondar, Saryglar na Khovalyg wamejazana. Kusini, kuelekea Erzin na Tes-Khem, ni nchi ya akina Soyan, Kyrgys na Irgit. Akina Choodu ni wa Todzha, kwenye misitu ya kulungu.

Mtu wa Kilimanjaro hatapata taabu kuelewa jinsi majina hayo yanavyotumika. Akisikia mtu anaitwa Massawe au Mushi, hadhani kwamba kila Massawe ni ndugu yake kwa baba mmoja. Anajua ni jina la ukoo mpana, na swali linalofuata ni: wa wapi?

Mfupa

Sisi tunapozungumzia nasaba tunataja damu. Damu nzito kuliko maji, tunasema; damu yangu, tunamwita mtoto. Watuva, pamoja na jirani zao wa Altai na Mongolia, wanataja mfupa. Neno la Kituva söök maana yake ni mfupa, na ndilo pia linalotaja ukoo. Wamongolia wana yas kwa maana hizo hizo mbili. Nyuma ya neno hilo kuna fikra iliyoenea sana Asia ya Kati: mtoto hupata mfupa kwa baba, na nyama au damu kwa mama. Nyama hubadilika na huisha, ila mfupa hubaki. Kwa hiyo ukoo hufuata upande wa baba, na mtoto wa kike huolewa akabaki na mfupa wake wa kwao.

Kutokana na fikra hiyo kulikuwa na mwiko wa kuoana watu wa mfupa mmoja. Kwa Waaltai, majirani wa magharibi, mwiko huo una nguvu hadi leo: vijana wakipendana, wazee huuliza söök kabla ya kuuliza kazi. Kwa Watuva umelegea, na sababu yake ni ya maana kwa mada yetu. Ukoo wenye maelfu kwa maelfu ya watu, kama Mongush, hauwezi kumkataza kila Mongush asimwoe Mongush mwingine, hasa ikiwa watu wenyewe wanajua kwamba wengi wao hawana babu mmoja. Lakini kwa nini watu wasio na babu mmoja wana jina moja?

Mataifa yaliyoshuka, ukoo uliopanda

Hebu tuchukue Kyrgys. Mwaka 840 Wakirgizi wa Yenisei waliivunja dola ya Wauighuri iliyokuwa ikitawala nyika za Mongolia, na kwa muda wakawa mabwana wa eneo kubwa, Tuva ikiwamo. Walikuwa na watawala wao na maandishi yao ya runi yaliyochongwa kwenye mawe, ambayo bado yamesimama nyikani Tuva. Jina hilo ndilo la taifa la Kirgizistani ya leo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kyzyl. Na ndilo la ukoo mmoja wa Watuva kusini mwa nchi. Kilichokuwa dola kimekuwa ukoo ndani ya taifa jingine.

Wauighuri walioshindwa nao waliacha alama. Kwenye kisiwa cha ziwa Tere-Khol kuna magofu ya Por-Bazhyn, jengo kubwa la kuta za udongo la karne ya 8, la zama za dola yao. Na katika ukoo wa Ondar kuna kundi linaloitwa Uighur-Ondar. Wanahistoria wamelihusisha jina hilo na muungano wa koo kumi za Wauighuri, kwa kuwa on katika lugha za Kituruki ni kumi. Wauighuri wengi wa leo wako Xinjiang, Uchina. Kipande cha jina lao kimebaki Khemchik, kikiendelea na maisha yake.

Majina mengine yanaelekea Mongolia. Salchak huunganishwa na Saljiut, ukoo unaotajwa katika masimulizi ya Kimongolia ya karne ya 13 kama uzao wa ndugu wa babu wa mbali wa Genghis Khan. Jina la Mongush lenyewe limewafanya wengi wawaze Wamongolia. Masimulizi hayo hayo ya karne ya 13 yanasema kwamba mwaka 1207 Jochi, mwana wa kwanza wa Genghis Khan, alikwenda kuwatiisha watu wa misitu, na miongoni mwao anawataja Tubas. Hao ndio mababu wa jina Tuva. Kumbukumbu za Kichina za enzi ya Tang zilikuwa zimeshawataja kabla ya hapo, zikiwaita Dubo.

Sasa tazama safari ya upande wa pili. Soyan ni ukoo wa kusini na kusini mashariki mwa Tuva. Katika Kimongolia, njia mojawapo ya kufanya wingi ni kuweka t mwishoni, hivyo akina Soyan wakawa Soyot. Warusi walipofika walilichukua neno hilo, na kwa miaka mingi wakawaita Watuva wote Soyot, wawe Mongush au Oorzhak au Khertek, wakati Wamongolia na Wamanchu waliwaita wote Uriankhai. Jina la ukoo mmoja likapanda kuwa jina la watu wote. Halikuishia hapo: wataalamu wengi huona kwamba jina la milima ya Sayan, ile safu kubwa inayoizunguka Tuva upande wa kaskazini, linatokana na ukoo huo huo. Na leo kuna watu wanaoitwa Soyot rasmi, lakini hawako Tuva. Wako Buryatia, wilaya ya Oka, na serikali ya Urusi iliwatambua kuwa watu wa asili wenye idadi ndogo mwaka 2000.

Hapo ndipo ninapowaomba wanaoandika kwa Kiswahili waache kuyaita majina haya makabila. Neno kabila kwetu lina uzito wake: lina lugha, lina nchi, lina mila. Mkirgizi wa Bishkek, mji mkuu wa Kirgizistani, ana hayo yote. Mkyrgys wa Erzin ni Mtuva, anasema Kituva, anasherehekea mwaka mpya wa Shagaa na Watuva wenzake, na akisikia neno kabila atauliza kabila gani zaidi ya Utuva. Wao ni watu mmoja wenye koo nyingi, na koo hizo zimetoka sehemu mbalimbali. Neno letu ukoo linatosha. Mbari pia linafaa.

Jina lenyewe la watu nalo limetawanyika. Watuva hujiita Tyva. Ng'ambo ya milima, mkoani Irkutsk, kuna Watofa. Kaskazini mwa Mongolia, karibu na ziwa Khövsgöl, kuna wafuga kulungu wanaojiita Dukha, ambao Wamongolia huwaita Tsaatan, yaani wenye kulungu. Altai kuna Tubalar. Tyva, Tofa, Dukha, Tuba: wataalamu wa lugha wanaona ni jina moja la kale lililotamkwa kwa ndimi nne.

Jina likikushinda, tazama mkia wake. Saryglar lina saryg, njano, na lar, kiambishi cha wingi cha Kituruki, kwa hiyo ni kama kusema Wanjano. Kuular lina mkia huo huo. Irgit na Kuzhuget zinaishia na t, na wengi huona ni ule wingi wa Kimongolia tuliouona kwenye Soyot. Watu walewale, bonde lilelile, lakini majina yamepitia vinywa vya lugha mbili. Kuna pia majina yaliyogawanywa kwa rangi: Ak-Choodu ni Choodu weupe, Kara-Choodu ni Choodu weusi, na rangi hapa haisemi lolote kuhusu ngozi. Ni namna ya zamani ya nyikani ya kutenga makundi mawili yaliyotokana na moja. Na yupo Adyg-Tülüsh, Tülüsh wa dubu.

Mshale

Katikati ya karne ya 18, dola ya Qing ya Wamanchu, waliokuwa wakitawala Uchina, iliivunja dola ya Wadzungari, Wamongolia wa magharibi, na kuichukua Tuva, ikaiita Tannu Uriankhai. Ilikaa hapo hadi mapinduzi ya Uchina ya 1911 na 1912. Wamanchu hawakutaka nchi ya wafugaji wanaohamahama watakavyo. Walitaka watu wanaohesabika, wanaotoa askari na wanaolipa kodi ya ngozi za wanyama, hasa za sable, mnyama mdogo wa msituni mwenye manyoya ya thamani.

Kwa hiyo walileta mpangilio waliokuwa wameutumia Mongolia. Nchi iligawanywa katika khoshuun, kila moja na noyon wake, yaani mtawala. Khoshuun iligawanywa katika sumun, na sumun katika arban. Arban ni kumi kwa Kimongolia. Sumun ni mshale: kikosi ambacho kwa hesabu kilipaswa kutoa askari 150, pamoja na familia zao na mifugo yao. Mkuu wa wote, ambyn-noyon, alikaa Samagaltai, kusini. Mtu hakuruhusiwa kutoka khoshuun yake kwenda nyingine bila idhini.

Wakubwa walipohitaji majina ya vikosi hivyo, waliyachukua yaliyokuwepo. Kulikuwa na khoshuun ya Oyun, khoshuun ya Salchak, khoshuun ya Todzhu. Magharibi, ndani ya khoshuun za Daa na Beezi, sumun zilipewa majina ya koo zilizokuwa na nguvu hapo. Ukoo mkubwa ukawa jina la kikosi, na kila aliyeandikishwa kwenye kikosi hicho akabeba jina hilo mbele ya mtoza kodi: jirani wa mfupa mwingine, mkwe aliyehamia kwa wakwe zake, maskini aliyejiegemeza kwa tajiri wa kambi. Vizazi vitano au sita baadaye, wajukuu wa mkwe yule na wajukuu wa tajiri yule walikuwa wote Mongush, au wote Oorzhak, na hapakuwa na mtu wa kuwatenganisha.

Hili ndilo jibu la swali la kuoana. Majina makubwa ya magharibi yalinenepa ndani ya madaftari. Mfupa halisi uliendelea kuwepo chini yake, katika vikundi vidogo vinavyojuana kwa kambi, kwa malisho ya kiangazi na ya baridi, na kwa ovaa, yale marundo ya mawe na matawi juu ya vilima ambapo watu wa eneo hukusanyika kuwaheshimu wenyeji wasioonekana wa mahali hapo. Ndiyo maana Mtuva akikutana na mwenye jina lake hatosheki na jina. Anauliza mto.

Nidhamu hiyo haikupokelewa kimya. Kati ya 1883 na 1885 kulizuka uasi magharibi dhidi ya kodi na ukatili wa wakubwa. Ukazimwa, viongozi wakauawa. Watuva huwakumbuka kama Aldan-Maadyr, Mashujaa Sitini, na makumbusho ya taifa mjini Kyzyl yana jina hilo.

Vikosi vimekwisha, maneno yamebaki. Tuva ya leo ina wilaya 17, na kila moja inaitwa kozhuun. Kijiji na eneo lake huitwa sumon. Mwalimu anayesema shule yake iko katika sumon fulani anatumia, bila kufikiri, neno la mshale wa Kimanchu.

Karani

Mwaka 1921 ilizaliwa Jamhuri ya Watu ya Tannu-Tuva, nchi huru kwa jina na yenye kuitegemea sana Moscow. Noyon wa khoshuun ya Daa, Mongush Buyan-Badyrgy, alikuwa mmoja wa waasisi wake. Kuular Donduk alikuwa waziri mkuu. Wote wawili walipigwa risasi mwaka 1932. Angalia majina yao: Mongush ni ukoo, Buyan-Badyrgy ni mtu. Kuular ni ukoo, Donduk ni mtu. Huo ndio mtiririko wa Kituva. Ukoo hutangulia, kisha jina la mtu, na ikihitajika jina la baba pamoja na oglu, mwana, au uruu, binti.

Kituva kilipata maandishi yake mwaka 1930, kwa herufi za Kilatini, kabla ya kuhamia herufi za Kirusi miaka ya 1940. Kisha Oktoba 1944 Tuva ikaingizwa katika Umoja wa Kisovieti. Na Umoja wa Kisovieti ulitaka kila mtu awe na vitu vitatu kwenye karatasi: jina la ukoo, jina lake, na jina la baba lenye mkia wa Kirusi.

Hebu fikiria mfugaji mbele ya meza. Anasema: Kuzhuget Shoigu. Kwa masikio ya Kituva amesema ukoo na jina. Kwa masikio ya mtu aliyezoea mazungumzo ya Kirusi, ambako jina la mtu hutangulia, amesema jina na ukoo. Karani anaandika alivyosikia. Mzee anapiga kidole au anatia sahihi, anaondoka. Ilitosha ndugu wawili wa tumbo moja waandikishwe kwenye meza mbili tofauti ili watoto wao wakue na majina mawili ya ukoo.

Wakubwa nao hawakusalimika. Kiongozi wa chama tawala cha Tuva kwa miongo minne, aliyefariki mwaka 1973, anajulikana kwa jina la Salchak Toka. Salchak ni ukoo, Toka ndilo jina lake. Kwenye nyaraka za Kisovieti Salchak ndilo limekaa mahali pa jina la mtu. Mkewe ni Khertek Anchimaa-Toka (1912–2008), ambaye mwaka 1940 alichaguliwa mwenyekiti wa Khural Ndogo, bunge dogo la jamhuri, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa mkuu wa nchi bila kurithi kiti cha kifalme. Khertek ni ukoo wa baba yake. Anchimaa ni jina alilopewa mtoto wa kike katika familia maskini ya wafugaji. Toka ni jina alilopewa mumewe alipozaliwa. Jina linalosomeka kama la ukoo, Anchimaa-Toka, kwa kweli ni mke na mume wameandikwa kwa mstari mmoja, kila mmoja kwa jina lake la utotoni. Mimi sijaona jina jingine linalonigusa kama hilo.

Mtaalamu mkubwa wa ushamani wa Tuva, Mongush Kenin-Lopsan (1925–2022), naye ni hivyo hivyo: anayemtafuta kwenye faharasa chini ya M anamtafuta kwa ukoo, ijapokuwa pasipoti iliuita ukoo huo jina lake.

Wengine waliandikwa sawasawa. Vladislav Khovalyg, aliyeshika uongozi wa jamhuri mwaka 2021, ana jina la Kirusi na ukoo mahali pake. Aliyemtangulia, Sholban Kara-ool, ana kitu cha tatu. Ool ni mvulana, kys ni msichana, na majina mengi ya Kituva huishia hivyo: Kongar-ool, Kaigal-ool, Sherig-ool. Kara-ool ni jina la aina hiyo, lililokuwa la mtu kabla ya kukaa mahali pa ukoo. Kwa hiyo ukiona ool kwenye nafasi ya ukoo, huenda unamtazama babu badala ya mbari.

Herufi nazo zina kesi yao. Kituva kina sauti ü na ö, ambazo alfabeti ya Kirusi haina herufi zake. Ukoo wa Tülüsh uliandikwa kwa Kirusi, kisha ukatolewa kwenye Kirusi kwenda pasipoti ya kusafiria, ukatoka Tyulyush. Msomaji wa Ulaya anayesoma jina la mwimbaji Radik Tyulyush anaona matamshi ya Kirusi ambayo hakuna Mtuva aliyewahi kuyatamka kwao. Jambo moja jema ni kwamba majina ya koo hayakupewa jinsia. Mrusi ni Ivanov, dada yake Ivanova. Mongush ni Mongush, kaka na dada.

Ni rahisi kumlaumu karani, na kwa upotoshaji wake anastahili lawama. Lakini ng'ambo ya mpaka, nchini Mongolia, serikali ya kimapinduzi ilifuta majina ya koo mwaka 1925. Watu walibaki na jina lao na la baba tu. Majina ya koo yaliporudishwa miaka ya 1990, familia nyingi zilikuwa zimesahau yao, na watu wengi mno wakajichagulia Borjigin, ukoo wa Genghis Khan. Tuva haikupatwa na hayo. Mfumo uliochanganya Shoigu na Kuzhuget ndio uliolazimisha Kuzhuget liendelee kuandikwa, hata ikiwa mahali pasipo pake.

Na waliobaki Mongolia? Magharibi kabisa, Tsengel katika mkoa wa Bayan-Ölgii, kuna Watuva wanaoishi kati ya Wakazakhi na Wamongolia. Mmoja wao ni mwandishi Galsan Tschinag, anayeandika kwa Kijerumani baada ya kusoma Leipzig. Galsan Tschinag ni jina aliloandikwa kwa Kimongolia. Jina lake la Kituva ni Irgit Schynykbaj-oglu Dshurukuwaa: ukoo, mwana wa fulani, kisha yeye mwenyewe, ukoo ukitangulia kama ilivyokuwa kabla ya pasipoti. Miaka ya 1990 aliongoza msafara wa ngamia wa Watuva waliokuwa wametawanyika nchini Mongolia, akawarudisha Altai. Irgit wako Tuva pia, kusini na magharibi. Wako Altai ya Urusi, ambako hutamkwa Irkit na wazee bado huuliza mfupa kabla ya ndoa. Wako kwa Soyot wa Buryatia, nao ni Irkit, ingawa lugha yao ya zamani ilikuwa imemezwa na Kiburyati kabla ya kutengenezewa maandishi mwaka 2001.